Gari Halipigi Stata: Namna ya Kulipata Tatizo Kabla Hujanunua Betri wala Stata

Maswali ninayopokea kuhusu jambo hili yanafanana mno. Mtu amegeuza ufunguo, gari likanyamaza au likatoa mlio mmoja tu. Akanunua betri mpya. Gari bado. Akaenda Gerezani kwa walioko Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kwa walioko Nairobi, akanunua stata iliyotumika. Gari bado. Mwisho fundi akaja akasugua waya mmoja wa ethi (ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini), na injini ikawaka palepale. Pesa ya betri na ya stata ndiyo imekwenda.

Hapa kosa si ugumu wa kazi. Kosa ni kununua kabla ya kupima. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuanzia zile zisizogharimu kitu hadi zile za kulala chini ya gari, na kila moja inamwondoa mtuhumiwa mmoja. Ukiruka hatua utarudi pale pale pa kubahatisha.

## Hakikisha kwanza kwamba tatizo ndilo hili

Mwongozo huu ni wa gari ambalo injini yake haizunguki kabisa, au inazunguka kwa kujikokota. Kama injini inazunguka vizuri ila haishiki, acha betri na stata; hizo zimefanya kazi yake. Tafuta upande wa mafuta, plagi na sensa.

Magari ya haibridi kama Aqua na Prius nayo yako nje ya mwongozo huu, maana hayana stata ya kawaida. Usiguse nyaya nene za rangi ya chungwa kwenye magari hayo. Umeme wake unaua.

## Vitu vya kuwa navyo

- Mita ya kupimia umeme ya dijitali. Ile ya bei ndogo inatosha, ilimradi inapima volti za DC.
- Spana namba 10, ndiyo inayofungua taminali (vishikio vya nyaya kwenye vichwa vya betri) za magari mengi ya Kijapani.
- Msasa au brashi ya waya.
- Nyaya nene za kubusti, yaani za kuazima umeme wa betri ya gari jingine. Zile nyembamba zinazouzwa barabarani zinachemka na hazipitishi umeme wa kutosha kuzungusha injini.
- Maji ya uvuguvugu na magadi kidogo.
- Glavu, na miwani kama unayo.
- Mtu wa pili wa kugeuza ufunguo. Vipimo vya maana karibu vyote vinafanyika wakati stata inapigwa, na mikono yako itakuwa kwenye boneti.

Tahadhari: vuta breki ya mkono, weka gia kwenye P (au huru kwa gia za mkono), na weka kigingi kwenye tairi. Vua pete na saa ya chuma. Usivute sigara karibu na betri, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Na usishike stata kwa zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe angalau nusu dakika, la sivyo utaunguza hata ile iliyokuwa nzima.

## Hatua ya 1: Gia, klachi, breki na ufunguo

Gari la otomatiki halipigi stata mpaka lijue kwamba liko P au N. Swichi inayolijulisha hilo huchakaa. Kwa hiyo kanyaga breki, sogeza gia hadi N, piga stata. Likikubali kwenye N na kukataa kwenye P, swichi ya gia au kebo yake imesogea. Betri yako haina kosa.

Kwa gia za mkono, kanyaga klachi hadi mwisho kabisa. Magari mengi yana swichi ndogo juu ya pedali, na kapeti lililokunjika chini yake linatosha kuizuia.

Kwa gari la kubonyeza kitufe, angalia taa za breki za nyuma wakati umekanyaga pedali. Kama haziwaki, gari halijui kwamba umekanyaga, na halitapiga stata. Kwenye Toyota nyingi za kitufe kuna njia ya dharura: vuta breki ya mkono, gia P, bonyeza kitufe mara moja bila kukanyaga breki ili kiwe kwenye hali ya redio, kisha kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie kitufe kwa takriban sekunde 15. Ikiwaka hivyo, kabadilishe swichi ya breki mapema.

Na kama gari linadai halioni ufunguo, betri ndogo ya ufunguo imekwisha. Gusisha ufunguo kwenye kitufe chenyewe huku umekanyaga breki, kisha bonyeza.

## Hatua ya 2: Taa na sauti

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi kuliko zote, na ndiyo ambayo karibu kila aliyeshindwa aliiruka. Utasikia, “Betri ni nzima, taa za dashibodi zinawaka.” Taa za dashibodi si ushahidi wa chochote. Zinakula umeme kidogo sana. Stata ya injini ndogo ya petroli inataka ampea 100 hadi 200, na ya dizeli zaidi ya hapo. Betri iliyochoka inaweza kuwasha taa hizo na redio na isiweze kuzungusha injini hata nusu mzunguko.

Washa taa kubwa, gari likiwa limeelekea ukuta, au mwambie mwenzako azitazame. Geuza ufunguo hadi mwisho kwa sekunde mbili. Sikiliza, na uangalie taa. Baadhi ya magari huzima taa kubwa yenyewe wakati wa kupiga stata. Kwa hayo tumia taa ya dari.

Tik-tik-tik-tik ya haraka, taa zinafifia na kurudi. Umeme ni mdogo. Solenoidi ya stata (swichi ya sumaku inayoipa mota umeme mkubwa) inavuta, mota inadai ampea zake, volti zinaanguka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Stata yako huenda ni nzima kabisa. Nenda hatua ya 3 na ya 4.

“Ko!” moja nzito, taa zinafifia sana na kubaki hivyo. Umeme mkubwa unatoka lakini hauzungushi kitu. Inaweza kuwa betri dhaifu, stata iliyokwama, au injini yenyewe iliyokwama.

“Ko!” moja, taa hazitikisiki. Solenoidi imevuta ila umeme mkubwa haukupita. Shuku shaba za ndani ya solenoidi, brashi za kaboni, au waya mnene. Hatua ya 8 na ya 9.

Kimya, taa kali kama kawaida. Amri ya ufunguo haifiki kwenye stata. Kama hatua ya 1 haikusaidia, nenda hatua ya 6.

Taa zinazimika kabisa ukigeuza ufunguo, au hazikuwaka tangu mwanzo. Karibu kila mara ni taminali iliyolegea au iliyooza, au betri imekufa kabisa. Fyuzi kubwa ya karibu na betri nayo ikaguliwe.

“Wiiii” ya mota inayozunguka peke yake. Stata inazunguka lakini meno yake hayaingii kwenye meno ya flaiwili, gurudumu la injini ambalo stata hulizungusha. Bendiksi (gia ndogo ya stata) imechoka au meno ya flaiwili yamelika. Stata lazima ishuke.

Andika ulichosikia na ulichokiona. Kumbukumbu hubadilika ukishaanza kuhangaika, na fundi atakuuliza.

## Hatua ya 3: Taminali

Shika kila taminali kwa mkono ujaribu kuizungusha. Ikizunguka hata kidogo, umeshapata jambo la kurekebisha. Kwa wanaoishi Tanga, Mombasa, Zanzibar na pwani yote, hewa ya chumvi inaharakisha uozo. Mimi hapo ningeanzia hata kabla ya hatua ya 2.

Ule unga mweupe au wa kijani usiufute juu juu tu. Umeme unapita pale kichwa cha betri kinapogusana na ndani ya taminali, mahali usipopaona mpaka ufungue.

Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Sababu ni hii: spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya huku hasi bado imefungwa, umepiga shoti betri nzima kwa spana. Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, vizibo vya betri vikiwa vimefungwa. Sugua kichwa cha betri na ndani ya taminali mpaka ving'ae. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza.

Fuata pia waya wa hasi mpaka pale unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Fungua nati ile, sugua, kaza upya. Huu ndio waya wa ethi niliousema mwanzo, na mara nyingi hakuna aliyeugusa tangu gari litoke kiwandani.

Umefanikiwa kama: taminali haizunguki hata ukiitikisa kwa nguvu, na taa za dari haziyumbi ukizitikisa nyaya.

## Hatua ya 4: Pima betri, mara mbili

Kipimo cha kwanza ni betri ikiwa imetulia. Kama gari lilikuwa likitembea muda si mrefu, washa taa kubwa dakika moja au mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Ukipima mara tu baada ya kuchaji, mita itakupa namba nzuri ya uongo.

Volti 12.6 au zaidi, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo, na chini ya hapo imekwisha. Ukikuta inakaa karibu na 10.5 hata baada ya kuchajiwa usiku kucha, seli moja imekufa: betri ina seli sita, kila moja hutoa takriban volti 2.1, na toa moja ubaki na 10.5. Hiyo haiponi.

Kipimo cha pili ndicho chenye maneno. Mita ikiwa kwenye vichwa vya betri, mwenzako apige stata. Soma namba wakati huohuo.

Isiposhuka chini ya 9.6, betri inatosha, usiinunue nyingine. Ikianguka hadi 8, 6 au chini, ichaji kikamilifu kisha urudie kabla ya kuihukumu. Na ikibaki 12.4 bila kusogea, hakuna umeme mkubwa uliotoka, kwa hiyo tatizo liko mbele ya betri. Matokeo hayo ya tatu yanapaswa kukuzuia kabisa kwenda duka la betri.

Kama betri yako ni ya kufungua vizibo, angalia maji. Yakiwa chini ya sahani, ongeza maji safi ya betri, si ya bomba na si asidi. Joto letu linakausha na kuchosha betri upesi. Miaka miwili hadi mitatu ni maisha ya kawaida kwa nyingi.

Ukilazimika kununua, soma maandishi ya juu, mfano 46B24L. Namba ya kwanza ni kiwango cha nguvu, herufi B ni umbo la sanduku, 24 ni urefu kwa sentimita, na L au R ya mwisho ni upande wa chanya. Ukikosea hiyo herufi ya mwisho, nyaya hazitafika.

## Hatua ya 5: Busti kama kipimo

Kubusti hukupa njia ya kuondoka, lakini kwetu hapa ni kipimo. Gari likizunguka vizuri baada ya kubusti, betri au chaji yake ndiyo mwenye kesi. Lisipobadilika hata kidogo, nyaya zikiwa nene na zimeshika vizuri, rudi kwenye nyaya za gari na stata.

Mpangilio: chanya ya betri iliyokufa, chanya ya betri nzima, hasi ya betri nzima, kisha mwisho wa nne kwenye chuma tupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake. Cheche ya mwisho itokee huko, si juu ya gesi ya betri. Acha gari lenye betri nzima lingurume dakika tano, ndipo upige stata. Kutoa ni kinyumenyume.

Tahadhari: usibusti kutoka kwenye lori au basi. Mengi ni ya volti 24, na utachoma kontroli boksi (kompyuta ya gari), redio na kila kilichounganishwa. Na hakikisha chanya ni chanya. Rangi za nyaya za betri zilizobadilishwa mitaani haziaminiki, soma alama ya + kwenye betri yenyewe.

## Hatua ya 6: Kimya na taa kali

Fungua boksi la fyuzi. Tafuta fyuzi zilizoandikwa ST au STARTER, na kwenye Toyota pia AM1 na AM2. Zipime kwa mita pande zote mbili, macho hudanganya. Fyuzi iliyoungua iwekewe nyingine ya ampea zilezile. Ikiungua tena, kuna shoti, na kuweka kubwa zaidi ni kuomba moto.

Kisha rilei ya stata, ile swichi ndogo ya umeme iliyochomekwa kwenye boksi la fyuzi. Mara nyingi rilei ya honi au ya feni ina namba na miguu ileile. Zibadilishane nafasi. Stata ikipiga na honi ikanyamaza, umempata mhalifu kwa gharama ya sifuri.

Kama rilei ni nzima, weka mkono juu yake wakati mwenzako anageuza ufunguo. Usipohisi ikigonga, amri inakatikia huko nyuma: swichi ya ufunguo, swichi ya gia au klachi, au kengele ya wizi iliyofungwa baadaye. Hizo kengele na vifaa vya kufuatilia gari hukata waya wa stata makusudi, na viungo vyake vingi vimesokotwa na kufungwa utepe tu. Uliza gari lilifungwa nini na lilifungwa wapi kabla ya kung'oa dashibodi.

## Hatua ya 7: Waya mdogo wa stata

Stata ina waya mnene unaotoka betri na waya mwembamba unaoleta amri. Mita: nyekundu kwenye ule mwembamba, nyeusi kwenye hasi ya betri. Mwenzako ageuze ufunguo.

Ukipata volti zaidi ya 10 na stata imenyamaza, amri imefika na stata imeikataa. Ukipata sifuri, stata isishushwe; rudi hatua ya 6.

Mafundi wengi hapa huunganisha nguzo za stata kwa bisibisi. Inafanya kazi, sikatai. Lakini kwa njia hiyo P na klachi hazikulindi tena. Gari lililosahauliwa kwenye gia litaruka na kumkanyaga aliye chini yake.

## Hatua ya 8: Volti zinapotelea wapi

Hiki ndicho kipimo ambacho hata gereji nyingi hazikifanyi. Waya unaweza kuonekana mzima kwa nje na ndani umeoza nyuzi nusu. Ukipima bila mzigo utaona volti 12 safi. Ukipiga stata, zinapotea njiani.

Upande wa chanya: ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri chenyewe (si kwenye taminali), nyingine kwenye nguzo ya stata pale waya mnene unapofungwa. Piga stata. Inatakiwa chini ya volti 0.5.

Upande wa hasi: ncha moja kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye chuma tupu cha injini. Piga stata. Inatakiwa chini ya 0.3.

Ukisoma volti 2 au 3, waya huo au kiungo chake ndicho kinachokula umeme wako. Sogeza ncha kiungo baada ya kiungo mpaka namba iruke. Hapo ndipo penye uozo.

Huna mita? Kwa ethi kuna njia ya mkato: chukua waya mmoja wa kubusti, unganisha hasi ya betri moja kwa moja na chuma cha injini, piga stata. Ikizunguka vizuri, waya wa ethi ndio mbovu. Badilisha huo tu.

## Hatua ya 9: Stata yenyewe

Umefika hapa ikiwa betri imepita, nyaya zimepita, na amri inafika. Gonga mwili wa stata polepole kwa mpini wa nyundo huku mwenzako ameshika ufunguo. Ikizunguka, brashi zimeisha. Itakufikisha nyumbani leo, kesho usiitegemee.

Usikimbilie stata nyingine ya mtumba, ambayo nayo haijulikani imepiga mara ngapi. Stata za Denso zilizo kwenye Toyota nyingi zina shaba mbili ndani ya solenoidi zinazolika, na zinauzwa peke yake. Fundi umeme wa magari mwenye uzoefu atazibadilisha pamoja na brashi. Mwambie akuonyeshe za zamani: shaba iliyolika upande mmoja huonekana wazi.

Kabla ya kushusha stata toa hasi ya betri. Ule waya mnene una umeme muda wote, ufunguo uwepo usiwepo.

## Hatua ya 10: Kama injini ndiyo iliyokwama

Taa zinafifia sana, betri ni nzima, stata imepimwa ni nzima. Weka soketi kwenye bolti ya puli ya krenki, uzungushe kwa mkono kuelekea upande injini inakozungukia. Nyingi ni kufuata saa. Ikizunguka kwa uzito wa kawaida, rudi ulikotoka, kuna kipimo ulikosea. Ikikataa kabisa, fungua mkanda wa alternata (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) ujaribu tena, maana bearingi ya alternata iliyokwama inaweza kuishikilia.

Gari lililopita kwenye mafuriko usilipige stata hata mara moja. Maji hayabanwi, na pistoni ikiyakuta ndani ya silinda hupindisha kono, chuma kinachounganisha pistoni na krenki. Plagi zitolewe kwanza, ndipo injini izungushwe kwa mkono.

## Ikishawaka

Pima tena kwenye betri injini ikinguruma. Volti 13.8 hadi 14.5 maana yake alternata inachaji. Ukibaki kwenye 12 na kitu, kesho asubuhi utakuwa palepale. Usikubali mtu atoe taminali huku injini inanguruma “kupima chaji”. Mruko wa volti unaotokea unaweza kuua kontroli boksi.

Kama alternata inachaji na betri mpya bado inakufa usiku, kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limezimwa. Fungua taminali ya hasi, weka mita kwenye ampea kati ya waya na betri, funga milango, subiri nusu saa hivi mpaka gari lilale, yaani kompyuta zake zijizime. Ikizidi ampea 0.05, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Usiguse ufunguo mita ikiwa hivyo, utaiunguza. Anza na fyuzi ya redio na waya za kifaa cha kufuatilia gari.